Tarehe ya Kliniki Wakati wa Janga

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020. Tanzania ikafuata siku tatu baadaye, mgonjwa akiwa Arusha. Mwezi haujaisha, watu wenye kadi za kliniki walikuwa wameshaanza kuulizana jambo ambalo matangazo ya kunawa mikono hayakuligusa: tarehe yangu ya kurudi hospitali ni wiki ijayo, sijazidiwa, nakula na natembea, niende au nikae? Redio ilisema epuka msongamano. Kadi ilisema njoo Jumanne saa moja asubuhi. Anayeijua kliniki ya hospitali ya umma Jumanne saa moja asubuhi anajua kwamba hakuna msongamano unaoizidi.

Wengi walijibu kwa kupima hofu. Mwenye hofu kubwa alibaki nyumbani, mwenye hofu ndogo alipanda daladala, na wazee wengi waliamuliwa na watoto wao baada ya mabishano ya sebuleni. Hofu ina haki yake, lakini haitofautishi ugonjwa unaosubiri na ugonjwa usiosubiri. Kipimo kinachofaa ni muda: katika kila mwezi unaopita bila kuonwa, ugonjwa nilio nao unafanya nini mwilini, na linalofanyika linaweza kurekebishwa baadaye au ndiyo limekwisha? Jibu lake mara nyingi limo ndani ya faili, na faili liko hospitali. Kwa hiyo uamuzi huu haukupaswa kuachwa mikononi mwa mgonjwa peke yake, kama ulivyoachwa mahali pengi mwaka 2020.

Tazama wazee wawili wenye tarehe ya kliniki ya macho siku moja. Wa kwanza ana mtoto wa jicho na anasubiri kupangiwa upasuaji. Wa pili ana presha ya macho, ile ambayo madaktari huiita glakoma, na anarudi kupimwa na kupewa dawa ya matone. Katika daftari la miadi wote wawili hawana dharura. Wa kwanza akichelewa miezi sita atapata tabu kweli: hataona vizuri ngazi, anaweza kuanguka, atamtegemea mjukuu kumsomea ujumbe wa simu. Hata hivyo, siku atakapofanyiwa upasuaji, lenzi iliyoingia ukungu itatolewa, nyingine itawekwa, na kwa kawaida uoni utarudi. Wa pili hatahisi lolote. Katika aina ya glakoma iliyo ya kawaida hakuna maumivu wala wekundu, jicho linaonekana zima, huku mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo ukifa kidogo kidogo. Kinachopotea hapo hakirudishwi na dawa wala kisu. Sasa mwongeze mtoto mchanga aliyezaliwa na mtoto wa jicho. Jina la ugonjwa ni lilelile la mzee wa kwanza, lakini ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo ya maisha, na jicho lisilopata picha wakati huo linaweza kubaki dhaifu hata likifanyiwa upasuaji mzuri baadaye. Babu anaweza kusubiri. Mjukuu hawezi.

Kundi hili la miadi isiyo ya dharura halikuundwa ili kumwambia mgonjwa hatari yake ni kubwa kiasi gani. Liliundwa na wanaoendesha hospitali, kwa mahitaji yao, na mahitaji hayo yalikuwa ya haki. Tarehe 17 Machi 2020 uongozi wa huduma ya afya ya Uingereza, NHS, uliziandikia hospitali za England kuzitaka ziahirishe upasuaji wote wa kupangwa usio wa haraka kuanzia katikati ya Aprili, kwa miezi mitatu angalau. Lengo lilikuwa kupata vitanda, wauguzi na mashine za kupumulia kwa wagonjwa waliotarajiwa kufurika. Hospitali nyingi duniani zilifanya vivyo hivyo. Kundi la watafiti wa upasuaji liitwalo COVIDSurg lilikadiria kuwa katika wiki 12 za msukosuko mkubwa upasuaji milioni 28.4 ungeahirishwa au kufutwa duniani kote. Ndani ya namba hiyo kuna ngiri, kuna nyonga zilizochakaa, kuna mawe ya nyongo, na kuna saratani. Msimamizi wa wodi aliona vitanda alivyoviokoa. Mgonjwa aliyepigiwa simu na kuambiwa asije alielewa kitu kingine kabisa: kwamba ugonjwa wake si wa kujali sana.

Tuanze na upande wa hatari ya kwenda, maana hatari hiyo ilikuwepo na anayeipuuza anawakosea wagonjwa. Inaanzia barabarani. Kenya iliamuru matatu la abiria 14 libebe wanane, na nauli ikapanda. Dar es Salaam daladala ziliagizwa kwenda kwa kile abiria wanachokiita level siti, bila mtu kusimama, na vituo vikajaa wanaosubiri gari. Kisha kuna getini, mapokezi, foleni ya malipo, benchi la kusubiria, maabara, benchi tena, dirisha la dawa. Dakika kumi za kuonana na daktari hugharimu saa nne au tano za kukaa karibu na watu wengine.

Virusi vya korona husafiri kwa hewa tunayovuta, na katika chumba kilichofungwa hujilimbikiza. Kwa hiyo mambo makubwa ya kuuliza kuhusu kliniki ni madirisha, idadi ya watu, muda wa kukaa na barakoa. Watu wengi walihangaika na vitasa vya milango na kupulizia dawa kwenye viti kuliko walivyohangaika na dirisha lililofungwa.

Hesabu kidogo inasaidia hapa. Chukua ukumbi wa kusubiria wenye watu 60. Ikiwa mtaani mtu mmoja kwa kila 1,000 ana virusi na anaambukiza wengine, nafasi ya kuwepo angalau mmoja wa namna hiyo ukumbini ni kama asilimia 6. Ikiwa ni mmoja kwa kila 100, nafasi inapanda hadi asilimia 45 hivi. Kwa hakika ni zaidi ya hapo, kwa sababu ukumbi wa hospitali haujazwi na watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Wanaokuja ni wagonjwa. Benchi ni lilelile na daktari ni yuleyule, ila mwezi mmoja safari ni salama na mwezi unaofuata ni kamari. Kinachobadilika ni maambukizi katika mtaa.

Kuwa chumba kimoja na mwenye virusi si lazima uambukizwe, na kuambukizwa si kufa. Hapo umri unaingia. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2020, uliotegemea zaidi takwimu za nchi tajiri kabla ya chanjo, ulikadiria kuwa katika kila watu 1,000 wa umri mmoja walioambukizwa walikufa wanne hivi kwa wenye miaka 55, 14 kwa wenye miaka 65, na 46 kwa wenye miaka 75. Tuseme, kwa kufikirika tu, kwamba mtu wa miaka 65 ana nafasi moja kati ya 200 ya kuambukizwa katika safari nzima ya kliniki. Hatari yake ya kufa kwa sababu ya safari hiyo inakuwa kama 7 kwa kila 100,000. Ongeza kisukari, figo dhaifu au dawa za saratani zinazoshusha kinga, na namba inapanda. Ongeza bibi wa miaka 80 anayekaa naye nyumba moja, na hatari inakuwa ya wawili. Hatari hiyo haipuuziki. Lakini pia hailingani na picha iliyokuwa vichwani mwa watu, ya hospitali kama mahali ambapo ukiingia unatoka na jeneza.

Picha hiyo ilitokana na wodi. Watafiti wa Uingereza walipochunguza hospitali zaidi ya 300 walikuta kwamba katika wimbi la kwanza angalau mgonjwa mmoja kati ya tisa waliolazwa na korona aliipata akiwa tayari yuko hospitali kwa ugonjwa mwingine. Ni aibu kubwa kwa hospitali za nchi tajiri. Hata hivyo hao ni watu waliolala wodini siku nyingi, wakihudumiwa na mikono ileile usiku na mchana. Anayekuja asubuhi na kuondoka mchana yuko katika hali tofauti, na ilikuwa kazi ya mamlaka za afya kumweleza hivyo.

Tanzania kulikuwa na tatizo la ziada, nalo ni zito. Takwimu za mwisho za mwaka ule zilitolewa kufikia mapema Mei 2020: wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo, kwa zaidi ya mwaka mmoja, mwananchi hakuambiwa ugonjwa umeenea kiasi gani. Ile hesabu ya mmoja kwa 1,000 au mmoja kwa 100 haikuwezekana. Watu walisoma dalili nyingine: misiba iliyofuatana mtaani, tangazo la kanisani, habari ya mtu mashuhuri aliyefariki kwa kile kilichoitwa changamoto ya upumuaji. Mwishoni mwa Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki lilionya waziwazi juu ya wimbi jipya, na kwa wagonjwa wengi onyo hilo ndilo lililokuwa taarifa ya afya. Kuficha takwimu kulimdhuru anayeugua presha Temeke, Dar es Salaam, kwa njia mbili zinazopingana. Katika miezi ambayo maambukizi yalikuwa machache alikaa nyumbani bila sababu, kwa kuwa hakuamini kimya kile. Katika miezi ambayo yalikuwa mengi alikwenda bila barakoa, kwa kuwa aliambiwa ugonjwa umekwisha. Nasema hivi bila kupindisha: serikali inayonyima watu takwimu za mlipuko inawanyima uwezo wa kujiamulia hata tarehe ya kliniki.

Sasa upande wa pili, wa kutokwenda. Huu hauonekani kwa urahisi, kwa sababu anayekufa nyumbani kwa kiharusi miezi minane baada ya kuacha kliniki haandikwi kwenye orodha ya janga.

Afrika ilikuwa na ushahidi wake mapema, na ulipaswa kusomwa Machi 2020 kabla ya kitu kingine chochote. Mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi wa mwaka 2014 hadi 2016 uliua watu zaidi ya 11,300. Watafiti walikadiria kuwa, kama matumizi ya huduma za afya Guinea, Liberia na Sierra Leone yalipungua kwa nusu, basi vifo vya ziada vya malaria, UKIMWI na kifua kikuu vilifika kama 10,600. Yaani kukimbia hospitali kuliua karibu sawa na Ebola yenyewe. Kisha ikaja zamu ya mashariki ya Kongo, kwa wasemaji wenzetu wa Kiswahili wa Beni na Butembo. Kati ya mwaka 2018 na 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 Kivu Kaskazini na Ituri, na baadhi yao waliambukizwa katika vituo vya afya, kwa hiyo woga wa wananchi haukuwa ujinga. Katika kipindi hichohicho surua iliua watu zaidi ya 6,000 Kongo nzima, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Dunia nzima ilijua habari za Ebola ya Beni. Surua ilizika watoto wengi zaidi na haikupata hata robo ya vichwa vya habari, ilhali chanjo yake hutolewa kwenye kliniki za kawaida kabisa, zile zinazohesabiwa kuwa si za haraka.

Korona ikarudia somo hilo kwa kiwango cha dunia. Mwaka 2020 watoto milioni 23 walikosa chanjo za msingi, ongezeko la milioni 3.7 kuliko mwaka uliotangulia. Wagonjwa wapya wa kifua kikuu walioandikishwa walishuka kutoka milioni 7.1 hadi milioni 5.8, si kwa sababu ugonjwa ulipungua, bali kwa sababu wenye kikohozi hawakuja au hawakupimwa. Vifo vya kifua kikuu vikaongezeka kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Vifo vya malaria viliongezeka kwa 69,000, na Shirika la Afya Duniani lilihusisha theluthi mbili ya ongezeko hilo na kuvurugika kwa huduma.

Kikohozi na homa vinahitaji neno la ziada, kwa sababu hapa ujumbe wa janga uligongana uso kwa uso na ujumbe wa miaka mingi. Kwa vizazi viwili watu wa Afrika Mashariki wamefundishwa kwamba mtoto akipata homa apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Ghafla wakaambiwa mwenye homa akae ndani na apige simu. Mwenye kikohozi cha wiki tatu, ambaye zamani angetakiwa apeleke makohozi maabara, sasa aliogopa kukohoa hata kwenye foleni. Na hakuogopa virusi tu. Kenya, katika wiki za mwanzo, waliowekwa karantini kwenye vituo vya serikali walitakiwa kulipia gharama wenyewe, hadi malipo hayo yalipoondolewa Mei 2020. Mchuuzi anayeishi kwa mauzo ya siku akipiga hesabu ya siku 14 za kufungiwa na bili juu yake, kukaa na kikohozi chake nyumbani kulikuwa uamuzi wenye akili, ingawa ulikuwa wa hatari kwake na kwa watoto anaolala nao chumba kimoja.

Miadi ipi basi inasubiri, na kwa muda gani? Ukaguzi wa kawaida wa meno na kusafisha meno vinasubiri. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilishauri hivyo Agosti 2020, hasa kwa kuwa mashine za meno hurusha mate hewani. Upasuaji wa mtoto wa jicho kwa mtu mzima unasubiri, na marudio ya mtu aliyepona, ambaye daktari anataka tu kumwambia uko sawa, yanasubiri au yanamalizwa kwa simu. Ngiri isiyouma na inayorudi ndani inasubiri, mradi mgonjwa ameelezwa vizuri kwamba ikikaza, ikauma na akaanza kutapika, hapo pana dharura ya usiku huohuo.

Ujauzito hausubiri, kwa sababu mtoto hasubiri. Mahudhurio yanaweza kupunguzwa, lakini kila hudhurio linapima shinikizo la damu, na hatari ya kifafa cha mimba hugunduliwa kwa kipimo hicho kabla mama hajahisi chochote. Chanjo ya surua ya miezi tisa haisubiri. Saratani nayo haisubiri, wala uvimbe ambao bado haujajulikana ni nini. Mapitio ya tafiti za aina saba za saratani, yaliyochapishwa na jarida la BMJ Novemba 2020, yalionyesha kuwa kila wiki nne za kuchelewa tiba huongeza hatari ya kufa kwa asilimia 6 hadi 13, kulingana na saratani na aina ya tiba. Asilimia hizo ni nyongeza juu ya hatari aliyonayo mgonjwa tayari, kwa hiyo hazilinganishwi moja kwa moja na zile 7 kwa kila 100,000 za safari ya kliniki, lakini kwa kawaida huzizidi kwa mbali. Kwa mwanamke mwenye uvimbe titini, anayepewa tarehe ya kuchukuliwa kinyama cha kupima, hata wimbi kali la korona halitoshi kuwa sababu ya kubaki nyumbani. Linatosha kuwa sababu ya kudai apewe saa maalumu na asikalishwe ukumbini.

Ugumu wote uko kwa watu wa presha na sukari, na hao ni wengi. Hawa wako hatarini pande zote mbili: korona inawaua zaidi kuliko wengine, na kuacha kliniki kunawaua pia, polepole, kwa kiharusi, moyo na figo. Anayewaambia waende amekosea nusu, na anayewaambia wakae amekosea nusu. Lakini ukitazama wanakwenda kufanya nini kliniki, unakuta safari yao kwa sehemu kubwa ni ya kuchukua dawa na kupimwa presha, na mambo hayo mawili hayahitaji hospitali ya rufaa. Zahanati ya mtaa ina kipimo cha presha. Dawa zinaweza kutolewa za miezi mitatu.

Hili lilithibitishwa na kliniki nyingine kabisa. Watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI walipewa dawa za miezi mitatu, wengine hadi sita, ili wasilazimike kuja kila mwezi. Mpango huo ulikuwa umeanza kabla ya korona na ukaharakishwa. Kwa nini mgonjwa wa presha hakupata unafuu uleule? Kwa sababu dawa za UKIMWI zilikuwa za bure, zilikuwa na wafadhili, zilikuwa na mnyororo wa ugavi uliofuatiliwa kidonge kwa kidonge. Dawa ya presha mara nyingi mtu anainunua mwenyewe, kwa fedha aliyoipata wiki hiyo, akichukua vidonge vya wiki mbili leo na vingine Mungu akijalia. Kumwandikia dawa za miezi mitatu mtu wa aina hiyo ni kumpa karatasi. Anayetaka wagonjwa wa presha wakae salama nyumbani wakati wa janga ana kazi ya kufanya kwenye bohari ya dawa na kwenye bima, miaka kadhaa kabla ya janga.

Simu nayo ilisifiwa kupita kiasi. Inafaa kusoma majibu ya vipimo, kubadilisha dozi, kumuuliza mgonjwa amelalaje na miguu imevimba au la. Haipapasi uvimbe. Haisikilizi mapigo ya mtoto tumboni. Na mgonjwa anayeazima simu ya jirani hatamweleza daktari habari za kutokwa usaha au damu huku jirani amesimama pembeni. Kazi kubwa ambayo simu ingeweza kufanya ilikuwa rahisi kuliko zote: muuguzi mwenye faili mkononi kumpigia mgonjwa siku tatu kabla ya tarehe na kumwambia, mama, wewe njoo, au, baba, wewe subiri hadi tarehe fulani, na ukiona hili na hili usisubiri.

Kwa watu wengi, tena, uamuzi haukuwa wao hata kidogo. Kafyu ya Kenya ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na anayetoka mbali ili awahi foleni ya hospitali huondoka nyumbani kabla kafyu haijaisha. Mapema Aprili njia za kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, na anayeishi kaunti moja huku kliniki yake iko nyingine akajikuta anajieleza kwenye kizuizi. Uganda ilizuia usafiri wa umma, kisha magari binafsi, na aliyetaka kwenda hospitali kwa gari alipaswa kupata kibali cha mwakilishi wa rais katika wilaya. Zikaja habari za akina mama waliofia njiani wakati wa uchungu kabla sharti hilo halijalegezwa kwa wajawazito. Nairobi daktari Jemimah Kariuki alianzisha Wheels for Life, huduma ya kuwasafirisha bure wajawazito usiku wa kafyu, na ni jambo la kumshukuru. Lakini usafiri wa mjamzito usiku wa kafyu ulipaswa kupangwa siku ileile kafyu ilipoandikwa. Na Desemba 2020, wauguzi, maafisa tabibu na kisha madaktari wa Kenya walipogoma wakidai pamoja na mengine vifaa vya kujikinga na bima, wapo wagonjwa waliokwenda kliniki kwa ujasiri wote na kukuta milango imefungwa. Madai ya wahudumu hao yalikuwa pia madai ya mgonjwa, kwa kuwa muuguzi asiye na barakoa ni hatari kwa kila anayempima.

Nirudi kwenye foleni, kwa sababu naamini hapo ndipo pangeokolewa watu wengi kwa gharama ndogo. Hospitali nyingi za umma huwaita wagonjwa wote saa moja asubuhi, hata yule atakayeonwa saa saba mchana. Utaratibu huo haumsaidii mgonjwa wakati wowote; unamsaidia mpangaji, asipate shida ya kupanga. Katika mwaka wa kawaida unagharimu mtu siku nzima ya kazi. Katika mwaka wa korona unamweka mtu saa tano kwenye hewa ya wenzake. Kugawa miadi kwa saa, kuhamishia mabenchi chini ya mwembe au turubai nje, kuweka kliniki ya kifua mbali na ya wajawazito, kumkabidhi mtu dawa getini asipohitaji daktari: haya hayasubiri teknolojia wala mkopo. Kliniki iliyofanya hivyo ilipunguza ile hatari ya kwenda kiasi kwamba wengi waliokuwa wakihangaika na uamuzi wao hawakuwa na la kuamua tena.

Kuna kosa lililozidi yote, nalo ni kuahirisha bila kutoa tarehe nyingine. Mgonjwa aliyeambiwa tutakupigia, akaacha kupigiwa, hakuahirishiwa, alitupwa. England, pamoja na kompyuta zake zote, orodha ya wanaosubiri matibabu ya kupangwa ilikuwa na kesi zipatazo milioni 4.6 kabla ya janga na ikafika milioni 7.7 mwaka 2023. Huko angalau kuna orodha. Kwetu anayekosa tarehe mbili mara nyingi hutoweka kabisa kwenye hesabu, na hurudi akiwa amebebwa. Vilevile, anayeamua mwenyewe kutokwenda aamue kwa mwezi mmoja, si kwa janga zima. Maambukizi hupanda na kushuka. Kati ya wimbi na wimbi huwa kuna wiki kadhaa za utulivu, na hizo ndizo za kuwahi kupima sukari, kumwona daktari wa macho, kuchukua dawa za kutosha. Baada ya chanjo kufika, Kenya Machi 2021 na Tanzania mwishoni mwa Julai mwaka huo, mzee aliyechanjwa alikuwa na hesabu mpya kabisa, lakini wapo waliobaki na uamuzi wa Aprili 2020 hadi leo.

Na janga lijalo si lazima lifanane na korona. Machi 2023 Tanzania ilitangaza ugonjwa wa virusi vya Marburg huko Bukoba Vijijini, mkoani Kagera: wagonjwa tisa, sita wakafa, mhudumu wa afya akiwa miongoni mwao. Januari 2025 ugonjwa huo ukatangazwa tena Kagera, safari hii Biharamulo. Marburg haielei hewani kama korona. Huambukiza kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au maiti. Mama wa Kagera mwenye tarehe ya kliniki ya mtoto hana haja ya kuhesabu madirisha ya ukumbi. Anahitaji kujua kama kuna anayewapima joto na kuwahoji watu getini, kama wenye homa na kutapika wanapelekwa upande wao, na kama muuguzi anabadilisha glavu kati ya mtoto na mtoto. Hayo yakiwepo, aende na mtoto apate chanjo yake. Yasipokuwepo, ana haki ya kuuliza kituo gani cha jirani kinayo, na jina na namba ya simu ya mtu wa kumjibu swali hilo vinapaswa kuwa vimebandikwa kwenye mlango wa zahanati kesho yake baada ya tangazo la mlipuko.